Harufu ya mchele wa kunukia

Harufu ya mchele wa kunukia ni sifa ya baadhi ya aina za mpunga (Oryza sativa) ambazo punje zake hutoa harufu nzuri inayotambulika kwa urahisi, hasa zinapopikwa. Nchini Tanzania mchele wa namna hii hulimwa katika mikoa mbalimbali. Maeneo yanayotajwa zaidi sokoni ni Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, na uwanda wa Usangu katika Wilaya ya Mbarali, ambamo imo skimu ya umwagiliaji ya Madibira. Yote mawili yako katika Mkoa wa Mbeya.

Chanzo cha kwanza cha harufu hii ni mbegu. Mpunga wa kunukia umerithi badiliko dogo katika jeni moja, na badiliko hilo huufanya mmea utengeneze kemikali yenye harufu. Hata hivyo, mbegu hutoa uwezo tu. Kiasi cha harufu kinachofika kwenye sahani hutegemea hali ya hewa, maji, udongo, wakati wa kuvuna, namna ya kukausha, muda wa kuhifadhi na upishi.

Kwa mkulima jambo hili lina uzito wa fedha. Mchele unaonukia kwa kawaida huuzwa kwa bei ya juu kuliko usionukia, lakini aina zenye harufu nzuri zaidi mara nyingi ndizo zenye mavuno madogo. Harufu ikipotea njiani, mkulima amebaki na mavuno madogo bila ile bei ya juu.

Maneno

Kiswahili hutofautisha hatua tatu za zao hili. Mpunga ni mmea ukiwa shambani, na pia punje zikiwa bado na maganda. Mchele ni punje zilizokobolewa. Wali ni mchele uliopikwa. Tofauti hiyo ina maana katika habari ya harufu, kwa sababu kila hatua ina njia yake ya kuilinda au kuipoteza.

Vilevile kitenzi kunukia ni tofauti na kunuka. Kitu kinachonukia kina harufu nzuri, na kinachonuka kina harufu mbaya. Mchele mmoja unaweza kupita kutoka hali ya kwanza hadi ya pili: hunukia ukiwa mpya, kisha hunuka mafuta yaliyochacha au uvundo ukihifadhiwa vibaya.

Madibira na uwanda wa Usangu

Madibira ni kata ya Wilaya ya Mbarali, upande wa mashariki wa wilaya hiyo, karibu na mpaka wa Mkoa wa Iringa. Barabara inayotoka Mafinga kwenda Rujewa, makao makuu ya wilaya, hupita hapo. Uwanda wa Usangu uko kwenye kimo cha mita 1,000 hivi juu ya usawa wa bahari, chini ya milima ya Nyanda za Juu Kusini. Wenyeji wake wa asili ni Wasangu, ingawa leo wakazi wametoka katika makabila mengi.

Mwanzo wa kilimo cha mpunga cha umwagiliaji katika Usangu huhusishwa na walowezi wenye asili ya Baluchi waliokaa sehemu za Rujewa wakati wa ukoloni. Baada ya uhuru serikali ilianzisha mashamba makubwa ya Mbarali, kwa msaada wa China katika miaka ya 1970, na baadaye Kapunga. Skimu ya Madibira ilijengwa kwa ajili ya wakulima wadogo kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na ina eneo la takriban hekta 3,000 zilizogawanywa katika majaruba. Maji yake hutoka Mto Ndembera, unaoanzia nyanda za Mufindi. Wakulima wa skimu wana chama chao cha ushirika kinachojulikana kwa kifupi cha MAMCOS.

Mvua za Usangu ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Mpunga hupandwa kitaluni na kupandikizwa wakati wa mvua, kisha hukomaa mvua zinapoisha na ubaridi wa nyanda za juu unapoanza. Kama itakavyoelezwa hapa chini, mpangilio huu wa majira unafaa kwa mpunga wa kunukia.

Kemikali ya harufu

Wataalamu wamekuta kemikali zaidi ya 200 zinazopaa hewani kutoka kwenye mchele na wali. Nyingi zimo katika mchele wa kila aina, wa kunukia na usionukia. Inayotofautisha mchele wa kunukia ni 2-asetili-1-pirolini, inayoandikwa kwa kifupi 2AP. Ilitambuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 na watafiti wa Marekani wakiongozwa na Ron Buttery, kwa kushirikiana na Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga (IRRI) ya Ufilipino.

Kiasi chake ni kidogo mno. Katika vipimo vya kwanza, kilo moja ya mchele wa kunukia ilikuwa na 2AP ya miligramu 0.04 hadi 0.09, na mchele wa kawaida ulikuwa na takriban sehemu moja ya kumi ya hapo. Kwa hesabu hiyo, gunia la kilo 100 la mchele unaonukia sana lina miligramu 9 tu za kemikali hiyo. Kiasi hicho kinatosha kwa sababu pua ya binadamu ni hodari kwa 2AP: huitambua katika maji hata ikiwa ni mikrogramu 0.1 tu kwa lita.

Kemikali hiyohiyo hutoa harufu ya bisi na ya ganda la mkate uliotoka tanuri. Tofauti ni kwamba katika bisi na mkate hutengenezwa na moto, wakati mpunga wa kunukia huitengeneza wenyewe ungali hai. Imo katika majani, maua na punje, lakini haipatikani katika mizizi. Ndiyo maana jaruba la mpunga wa kunukia linaweza kutambuliwa kwa pua wakati wa kuchanua, kabla punje haijakomaa.

Ladha na harufu huenda pamoja. Ulimi hutambua utamu, chumvi, uchachu, uchungu na ladha ya nyama au mchuzi mzito. Mengine mengi yanayoitwa ladha ni harufu inayopanda kutoka kinywani hadi puani wakati wa kutafuna. Mtu mwenye mafua huona wali wa kunukia na wali wa kawaida kuwa sawa.

Ulaini wa wali ni jambo jingine. Huo hutegemea amilosi, sehemu mojawapo ya wanga. Mchele wenye amilosi nyingi hutoa wali mkavu unaochambuka, na wenye amilosi kidogo hutoa wali laini unaoshikamana. Mchele unaweza kuwa laini bila kunukia, au kunukia bila kuwa laini.

Jeni na urithi

Mpunga una jozi 12 za kromosomu. Katika kromosomu ya 8 kuna jeni iitwayo BADH2, inayotoa maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya fulani. Kimeng'enya hicho kikifanya kazi, huibadilisha mapema malighafi ambayo ingetumika kutengeneza 2AP, na mpunga haunukii. Kikiwa na hitilafu, malighafi hulundikana na kugeuka kuwa 2AP. Kwa maneno mengine, mpunga hunukia kwa sababu kuna kazi moja ambayo umeshindwa kuifanya.

Mwaka 2005 watafiti wa Australia walionyesha kuwa aina nyingi za mpunga wa kunukia duniani, pamoja na Basmati na Jasmine, zina hitilafu moja inayofanana: herufi 8 za DNA zimekosekana ndani ya jeni hiyo. Hitilafu nyingine za BADH2 zimegunduliwa baadaye katika aina chache. Kuenea kwa hitilafu ileile katika nchi nyingi ni ushahidi kwamba wakulima wa kale waliipenda harufu hiyo, wakachagua mbegu zake na kuzipeleka mbali.

Sifa ya kunukia ni fichifu. Mmea hunukia tu ukipata nakala yenye hitilafu kutoka kwa wazazi wote wawili. Mpunga wa kunukia ukichavushwa na usionukia, mimea ya kizazi cha kwanza haitanukia. Katika kizazi cha pili, kwa wastani mmea mmoja kati ya minne utanukia, kama zilivyo kanuni za Mendel.

Hata hivyo mpunga hujichavusha wenyewe kwa sehemu kubwa sana, kwa hiyo uchavushaji wa jaruba la jirani si sababu kuu ya harufu kupungua mwaka hadi mwaka. Sababu kubwa zaidi ni mbegu kuchanganyika: kwenye turubai la kupuria, katika magunia yasiyokung'utwa, katika mashine, au kwa mpunga wa msimu uliopita kuota wenyewe jarubani. Mkulima anayehifadhi mbegu yake huilinda kwa kung'oa mimea ya kigeni inapochanua, na kwa kuvuna na kupura eneo la mbegu peke yake.

Aina zinazolimwa

Katika Mkoa wa Mbeya aina za kunukia za muda mrefu hujulikana kwa majina ya wenyeji, na jina moja linaweza kutumika kwa mbegu tofauti mahali tofauti. Inayojulikana zaidi nchini ni Supa. Mpunga wa Supa ni mrefu, huchukua muda mrefu kukomaa, na mchele wake unapendwa kwa harufu na ladha. Ukiwekewa mbolea nyingi ya chumvichumvi huanguka, na hushambuliwa kwa urahisi na kimyanga, ugonjwa wa virusi unaogeuza majani kuwa ya njano. Kukaa shambani muda mrefu huuongezea pia gharama ya maji, ya palizi na ya kuwalinda ndege aina ya kwelea kwelea.

Mwaka 2002 iliidhinishwa aina ya TXD 306, iliyotokana na utafiti wa ndani ya nchi na inayojulikana kwa wakulima kama SARO 5. Ni fupi, hukomaa mapema kuliko Supa, huitikia mbolea vizuri, na kwa matunzo mazuri huzaa zaidi sana. Jina SARO lina maana ya mpunga wenye harufu ya kiasi. Imeenea katika skimu nyingi za umwagiliaji, zikiwemo za Mbarali.

Mkulima wa skimu kwa hiyo huchagua kati ya mavuno makubwa yenye harufu ya wastani na mavuno madogo yenye harufu kali. Hesabu yake hubadilika kila mwaka kwa kufuata bei. Tofauti ya bei ya gunia ikiwa ndogo, aina inayozaa sana humlipa zaidi. Ikiwa kubwa, na kama mnunuzi anaweza kweli kutambua harufu, aina ya zamani hulipa. Wengine hulima zote mbili: moja ya kuuza, nyingine ya kula nyumbani na ya wateja maalumu.

Watafiti hujaribu kuondoa ulazima huo wa kuchagua. Huko Zanzibar mbegu za Supa ziliwekwa kwenye mionzi, kwa msaada wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, na katika mimea iliyotokea ikachaguliwa aina ya SUPA BC, inayozaa zaidi huku ikibaki na harufu. Vituo vya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), hasa vya Ifakara na Dakawa, hushughulika na uboreshaji wa mpunga, na TARI Uyole iko Mbeya kwenyewe.

Mambo ya shambani yanayobadili harufu

Joto. Utafiti wa Basmati na wa aina za Japani umeonyesha kuwa harufu huwa nyingi zaidi punje zinapojaa katika hali ya ubaridi wa wastani, hasa usiku. Joto kali wakati huo huipunguza. Uwanda wa Usangu, ulio juu kuliko bonde la Kilombero, huwa na usiku wenye ubaridi zaidi mwishoni mwa msimu. Mpunga uliopandikizwa kwa wakati hujaza punje katika kipindi hicho.

Maji. Mmea unaopungukiwa maji hutengeneza prolini nyingi zaidi ili kujikinga, na prolini ni mojawapo ya malighafi za 2AP. Kaskazini-mashariki mwa Thailand, katika uwanda wa Tung Kula Rong Hai, mpunga wa Jasmine ulioonja ukame kiasi wakati wa kujaza punje umekutwa na harufu zaidi. Lakini ukame mkali hupunguza mavuno na kuleta punje nyembamba zinazovunjika mashineni. Kinachofaa ni kukausha jaruba taratibu kuelekea mavuno.

Jambo hili linagusa matumizi ya maji ya Usangu kwa ujumla. Mto Ruaha Mkuu, unaopokea maji ya uwanda huo, umekuwa ukikauka ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha wakati wa kiangazi tangu miaka ya 1990, na matumizi ya maji kwa kilimo yanatajwa miongoni mwa sababu. Mto huo hupeleka maji katika mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Kufunga maji jarubani kwa wakati unaotakiwa hakuharibu harufu ya mchele, na humwachia maji aliye chini ya mto.

Udongo na mbolea. Chumvi kidogo katika udongo huongeza 2AP kwa njia ileile ya prolini, lakini chumvi ikizidi mpunga hudumaa. Nitrojeni ya kiasi inahitajika, maana prolini yenyewe ina nitrojeni. Ikizidi, mpunga mrefu huanguka, punje hulala kwenye matope, na mchele hupata madoa na uvundo.

Wakati wa kuvuna. Harufu ya punje hupanda kwa majuma kadhaa baada ya kuchanua, hufika kilele, kisha hushuka mpunga unapoendelea kusimama umekauka. Kwa kawaida mpunga huvunwa punje nyingi, kama asilimia 80 hadi 85, zikiwa zimegeuka rangi ya manjano ya majani makavu, unyevu wake ukiwa asilimia 20 hadi 25. Anayesubiri hadi jaruba lote likauke hupoteza harufu, hupoteza punje zinazopukutika, na hupata chenga nyingi mashineni.

Baada ya kuvuna

Kukausha. Kemikali ya harufu hupaa kwa urahisi, na joto huiharakisha. Mpunga ulioanikwa kwa tabaka nyembamba juu ya saruji au lami wakati wa jua kali hukauka upesi, lakini punje hupasuka na harufu hupungua. Njia bora ni kuanika kwenye turubai kwa tabaka la unene wa wastani, kugeuza mara kwa mara, na kufunika wakati wa jua la mchana na wakati wa umande. Mpunga wa kuhifadhi unapaswa kufikia unyevu wa asilimia 14 au chini ya hapo. Kuchelewa kukausha pia ni hatari: mpunga mbichi uliorundikwa huota joto, huingiwa na kuvu, na mchele wake huwa wa njano wenye harufu ya uvundo.

Kuhifadhi. 2AP hupungua kadiri miezi inavyopita, na hupungua haraka zaidi ghala likiwa na joto. Wakati huohuo mafuta yaliyomo katika tabaka la nje la punje huchacha na kutoa kemikali nyingine, kama heksanali, ambazo hufunika harufu nzuri iliyobaki. Ganda la mpunga huzuia hewa, kwa hiyo ni bora kuhifadhi mpunga na kukoboa karibu na siku ya kuuza au kula. Ghala liwe kavu na lenye kupitisha hewa, na magunia yawekwe juu ya mbao, mbali na ukuta. Magunia yasikae pamoja na mafuta ya taa, sabuni au dawa, maana mchele hunyonya harufu za jirani.

Mchele mpya na wa zamani. Mchele uliotoka kuvunwa hunukia zaidi, lakini wali wake hushikamana. Ukikaa miezi kadhaa huhitaji maji mengi zaidi, na wali wake huchambuka vizuri zaidi. India na Pakistan huuza Basmati iliyokaa mwaka au zaidi kwa sababu ya sifa hiyo, zikikubali kupoteza sehemu ya harufu. Mnunuzi anayelalamika kwamba mchele wa kunukia umekuwa bokoboko huenda amepata mchele mpya na kuupikia maji ya mchele wa zamani.

Kukoboa. Kukoboa huondoa ganda na kisha pumba laini zenye mafuta. Mchele ambao haukung'arishwa una virutubisho zaidi lakini huchacha upesi. Mashine iliyochoka hupasha punje joto na kuvunja nyingi, na chenga huchacha haraka kuliko punje nzima.

Jikoni

Kuosha mchele huondoa vumbi la pumba lenye mafuta yaliyochacha, na hivyo harufu yake husikika vizuri zaidi. Kuloweka kwa nusu saa hupunguza muda wa kukaa motoni. Kwa kuwa harufu hutoka pamoja na mvuke, wali unaopikwa kwa maji ya kutosha tu hadi yakauke, chini ya kifuniko kilichobana, hubaki na harufu kuliko unaochemshwa katika maji mengi na kuchujwa. Desturi ya kupalia makaa juu ya kifuniko hukausha wali bila kufunua sufuria kila mara.

Viungo vya pilau na tui la nazi vina harufu kali zinazofunika ile ya mchele. Mchele unaonukia sana hujulikana zaidi katika wali mweupe.

Kupima harufu

Njia rahisi ni kutafuna punje chache mbichi, au kuziweka kwenye kikombe, kumimina maji ya moto, kufunika kwa dakika kadhaa na kunusa.

Katika maabara za uzalishaji wa mbegu hutumika njia iliyoelezwa na watafiti wa India Sood na Siddiq mwaka 1978. Jani bichi la gramu 2 hivi hukatwa vipande vidogo na kuwekwa katika chombo cha kioo chenye mililita 10 za mmumunyo wa hidroksidi ya potasiamu wa asilimia 1.7. Chombo hufunikwa kwa dakika 10, kisha hufunguliwa na kunuswa, na kulinganishwa na majani ya aina inayojulikana. Faida yake ni kwamba mmea hupimwa kabla ya kuzaa. Mmumunyo huo huunguza ngozi na macho, hivyo haufai kushikwa bila kinga na usimamizi. Udhaifu wa njia zote hizi ni pua yenyewe, ambayo huchoka baada ya sampuli kadhaa.

Vipimo visivyotegemea pua ni viwili: kromatografia ya gesi, inayopima kiasi cha 2AP, na kipimo cha DNA, kinachoonyesha kama hitilafu ya BADH2 ipo. Cha pili hueleza mbegu ni ya aina gani, lakini hakielezi kama harufu bado imo ndani ya gunia.

Jina la mahali na soko

Katika masoko ya miji mchele huuzwa kwa jina la mahali: "wa Mbeya", "wa Kyela", "wa Mbarali". Jina Supa nalo hutumiwa na wauzaji kwa mchele wowote mzuri. Majina haya humsaidia mnunuzi kwa kiasi fulani tu. Kyela iko bondeni kando ya ziwa na hupata mvua nyingi sana, wakati Usangu ni uwanda mkavu zaidi unaotegemea mifereji. Ndani ya Mbarali kwenyewe, jaruba moja linaweza kuwa na Supa na la jirani SARO 5, na magunia ya yote mawili yakaandikwa jina moja. Mchele wa kunukia unaweza pia kuchanganywa na usionukia baada ya kutoka mashineni, na mkulima aliyetunza mbegu yake hana njia ya kuthibitisha kuwa wake haukuchanganywa.

Nchi nyingine zimejaribu kulinda majina hayo kwa sheria na vipimo. Kiwango cha Thailand hutaka mchele unaoitwa Hom Mali uwe halisi kwa asilimia 92 au zaidi. Nchini Uingereza, kanuni ya wafanyabiashara ya mwaka 2005 iliruhusu mchanganyiko usiozidi asilimia 7 katika mchele unaouzwa kama Basmati, na uhalisi huchunguzwa kwa DNA. Umoja wa Ulaya ulilitambua jina la mchele wa Thung Kula Rong Hai mwaka 2013, na India iliisajili Basmati kama bidhaa ya asili ya mahali mwaka 2016. Katika mifano yote hii jina la mahali limefungwa na aina maalumu ya mbegu.

Ulinganisho na mimea mingine

Kanuni kwamba mbegu hutoa uwezo na matunzo huamua kiasi inahusu pia mimea mingine yenye harufu, ingawa kemikali ni tofauti. Harufu ya karafuu za Zanzibar na Pemba hutokana hasa na eujeno, iliyomo kwa wingi katika kikonyo cha ua kabla halijafunguka. Ua likishafunguka, thamani hupungua. Kahawa ya Mbozi na Mbeya ina malighafi tu katika punje mbichi, na harufu yake huzaliwa wakati wa kukaanga. Majani ya chai ya Mufindi hubadili harufu baada ya kuchumwa, yanaponyaushwa na kusagwa.

Bangi, ambayo kilimo na matumizi yake ni kosa la jinai nchini Tanzania chini ya sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015, hutoa harufu yake kwa vinyweleo vidogo vyenye utomvu wa terpeni, jamii ya kemikali zilizomo pia katika maganda ya limau na utomvu wa msonobari. Ile harufu yake kali ya kuchukiza hutokana na kemikali zenye salfa, zilizotambuliwa mwaka 2021. Hapo pia nasaba ya mmea, mwanga, joto na namna ya kukausha hubadili mchanganyiko.

Mmea unaokaribiana zaidi na mpunga wa kunukia kwa harufu ni pandani (Pandanus amaryllifolius) wa Asia ya kusini-mashariki, wa jamaa moja na mkadi unaotumika katika manukato ya pwani. Majani yake yana 2AP nyingi kuliko mchele wenyewe, na huko hutiwa sufuriani ili kuupa wali wa kawaida harufu ya mchele wa kunukia.

Tazama pia

Mpunga
Usangu
Wilaya ya Mbarali
Wilaya ya Kyela
Mto Ruaha Mkuu